Kona ya Osward

Mara ya kwanza Mutende alipomwangusha Mzee Aliko Kibona, watu wa Mbebe walisema ni ugeni wa mnyama. Mara ya pili wakasema ni uzee wa mpandaji. Mara ya tatu hawakusema kitu. Walitazamana tu, na Aliko, aliyekuwa amekaa kwenye tope ameushika mguu wake mbovu, aliona walivyotazamana akajua kuna jambo.

Maana mara zote tatu ilikuwa mahali pale pale: njia inapokata kona chini ya migomba ya Osward Swila, kabla hujavuka kijito kwenda kwenye mashamba ya kahawa. Kabla ya kona farasi alitembea kwa adabu kama mtu anayekwenda kanisani. Baada ya kona pia. Lakini akifika hapo asubuhi, masikio yanasimama, mwili unakakamaa, halafu anaruka pembeni ghafla na Aliko anabaki hewani bila farasi.

Mwenzetu alikuwa na miaka sitini na minne na mguu mmoja wa kutegemea. Wa pili ulivunjika nyonga miaka mitatu iliyopita, bodaboda ilipomtupa kwenye mteremko wa kwenda Isongole. Daktari alimwambia bila kumung'unya maneno: akivunjika tena hapo, hata fimbo haitamsaidia. Na shamba lake la kahawa liko bondeni, mwendo wa saa moja kwa mtu mwenye miguu mizima. Kwake yeye ilikuwa nusu siku kushuka na nusu siku kupanda, sasa kahawa aipalilie saa ngapi? Jastin, mwanawe wa pekee, anayeshughulikia mizigo ya malori mpakani Tunduma, alikuwa amekwisha kusema, "Baba, tulikodishe shamba, wewe pumzika." Aliko alilisikia lile neno pumzika kama mtu anayesomewa ibada yake ya mazishi. Farasi ndiye aliyemwokoa. Akimkosa farasi, shamba linakwenda, na yeye anahamia jikoni kuota moto na paka.

Kwa hiyo alitaka kumjua anayemharibia. Kwamba yupo anayemharibia, hilo hakuwa na shaka nalo hata kidogo.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Yonasi, mtoto wa mama yake mdogo. Yonasi alifanya kazi miaka ishirini ya kutunza farasi kwa mkulima mmoja upande wa Zambia. Mkulima alipofunga shamba, alimwachia farasi mmoja wa kahawia, mtu mzima tayari, jina lake Mutende, ambalo kwa Kibemba ni amani. Yonasi hakuwa na malisho pale Nakonde, akamkumbuka ndugu yake mwenye majani mengi na mguu mmoja. Akamleta kwa miguu, polepole, na karatasi za daktari wa mifugo mfukoni, akakaa wiki nzima kumfundisha Aliko. Bure. Na hiyo bure ndiyo iliyokuwa ikimkereketa Aliko. Nani anatoa farasi mzima bure?

Baada ya anguko la tatu alimpigia simu.

"Yonasi, mnyama uliyenipa ana mapepo?"

"Awe, mukwai, hapana bwana," Yonasi alicheka kule Nakonde. "Farasi hajui uongo, kaka. Kuna kitu anakiona. Masikio yake yalielekea wapi?"

"Sikuangalia masikio. Nilikuwa naangalia ardhi inavyonijia."

"Basi ndiyo shida. Na kamba ulifanyaje, uliikaza?"

"Niliikaza, ulitaka niiachie?"

"Kaka, nilikwambia. Yeye akiogopa na wewe ukakaza, anajua mmeogopa wawili. Hapo lazima akimbie. Rudi chini. Tembea naye kwa miguu kwanza. Akikupa hatua moja, mlegezee. Akisimama, usimpige, uliza masikio."

Aliko alikata simu akiguna. Maisha yake yote alijua kwamba mnyama anafuata fimbo, na mtu mzima haulizi masikio ya mnyama. Lakini nyonga ilikuwa inamuuma, na mwenye nyonga mbovu hujifunza hata asichokipenda.

Akaanza. Wiki tatu hakupanda. Asubuhi alimtoa Mutende kwenye banda, akamkaribia upande wa bega, siyo wa nyuma, akimsemesha ili ajue nani anakuja. Alimpiga brashi mpaka vumbi likaisha. Alimtembeza uani kwa kamba, yeye na fimbo yake mbele, farasi ubavuni. Aliposimama, alitaka farasi asimame. Mwanzoni Mutende alimburuza. Siku nyingine alimkanyaga kidole, na mke wake Gwantwa akalazimika kuingia ndani ili akacheke vizuri. Lakini siku ya nane Aliko alisimama, na Mutende akasimama, kamba ikining'inia kati yao bila kuvutwa na yeyote. Aliko akatazama huku na huku kuhakikisha hakuna anayemwona, kisha akamshukuru farasi kwa sauti.

Alifurahi. Niseme ukweli, alifurahi kuliko siku aliyochaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Akajifunza kwamba Mutende akilamba midomo ametulia, akiminya mkia ameudhika, na sikio moja likigeuka nyuma anamsikiliza aliyempanda. Akagundua pia kwamba tandiko lilikuwa likimbana mabegani, akalishonea blanketi chini yake. Kadiri alivyozidi kumwamini farasi ndivyo alivyozidi kutowaamini watu. Kwa sababu kama mnyama hana uongo, basi mwongo yuko mahali pengine.

Alipompanda tena, alikwenda naye mpaka karibu na kona akamsimamisha mbali. Masikio yote mawili yakaelekea kulia, kwenye matete yaliyo kati ya njia na kijito. Safari hii Aliko hakungoja kurushwa. Alishuka, akamwongoza farasi kurudi nyumbani, na alasiri akaja peke yake na fimbo kukagua.

Ndani ya matete, hatua mbili kutoka njiani, alikuta majani yamelazwa. Siyo mara moja. Yamelazwa siku nyingi, pakawa kama kiota. Mtu alikuwa akichuchumaa hapo. Kwenye udongo kulikuwa na nyayo, vidole vimeelekea kijitoni na visigino vimeelekea njiani. Huyo mtu anayejificha alikuwa amempa mgongo anayepita.

Aliko aliinama akazitazama. Mchawi ndiye anayetupa dawa kwa kinyumenyume, hilo alilisikia tangu utotoni, na uzee wa kanisa haukuwa umelifuta. Nyayo zilikuwa ndogo. Osward Swila alikuwa mfupi. Na migomba ile juu ya kona ilikuwa ya Osward, ambaye kwa miaka sita walikuwa wakivutana naye juu ya mpaka, jiwe moja tu lililosogea au halikusogea.

Akamfuata palepale kwenye migomba yake.

"Osward, kuna mtu anajificha chini ya kona yako kila asubuhi, anatisha farasi wangu."

Osward alikuwa akikata majani makavu ya mgomba. Aliacha, akamtazama, kisha akayatazama matete, kisha akaangalia chini. Ule mtazamo ndio uliommaliza Aliko. Ulikuwa ule ule wa siku aliyokaa kwenye tope.

"Kaka Aliko," Osward alisema taratibu, "mimi na farasi wako hatugombani. Kama kuna mtu pale, labda ana sababu yake. Labda ni sababu ya heshima."

"Heshima ya kujificha porini?"

"Mimi siwezi kulisema hilo. Siyo langu. Pitia njia ya juu, utafika salama."

"Njia ya juu mguu wangu hauiwezi na farasi anateleza. Na wewe unalijua hilo."

Osward akarudi kwenye mgomba wake. Aliko akaondoka akiwa na uhakika kamili. Mtu asiye na hatia anapiga kelele, anaapa, anaita majirani. Huyu amenyamaza.

Nyumbani alimsimulia Gwantwa wakati akimenya viazi. Alimweleza kiota, nyayo, mgongo uliogeuzwa, na Osward aliyetazama chini. Kisu cha Gwantwa kikasimama.

"Baba Jastin," alisema, "pitia njia ya juu."

Maneno yale yale ya Osward!

"Nani amekwambia useme hivyo?"

"Hakuna. Nasema tu."

"Gwantwa, unajua nini?"

"Najua kwamba wewe ni mtu wa kulazimisha mambo," akajibu, "halafu ukishalazimisha unashangaa." Akainuka na viazi vyake akaenda kumalizia nje.

Yapo mambo ambayo kwa Aliko hayakuwa na mjadala, na moja lilikuwa mila ya mkwe. Alivyolelewa yeye huko milimani, mke wa mwana hamwoni baba mkwe wake wala baba mkwe hamwoni yeye. Wakikutana njiani, mwanamke anatoka njiani, anajitanda, anageuza mgongo na kuchuchumaa mpaka mkwe apite. Hawasemeshani. Hata kumtaja mbele ya mkwe ni utovu wa adabu. Wachungaji walikuwa wamesema zamani kwamba hayo yamepita, nyumba nyingi za Mbebe wakwe wanakula meza moja na kuangalia televisheni pamoja. Siyo kwa Aliko. Jastin alipomuoa Tupokigwe na kumweka kwenye nyumba ya ng'ambo ya kijito, msichana alikutana na baba mkwe ana kwa ana mwezi wa kwanza, akasema shikamoo kama alivyozoea mjini. Aliko alirudi nyumbani kama aliyetukanwa. Akapeleka malalamiko kwa wazazi wa msichana, wazazi wakaja na jogoo kuomba radhi, na msichana hakukosea tena. Miaka miwili sasa Aliko hakuwahi kumwona hata ukucha. Mjukuu wake wa miezi saba, aliyepewa jina la mama yake Aliko, Elizabeti, aliletwa mikononi mwa Gwantwa na kurudishwa mikononi mwa Gwantwa. Aliko aliliona hilo kuwa jambo la kujivunia. Alisema mara nyingi kwamba mkwe wake amefundwa.

Wewe msomaji umekwisha kujua. Mbebe nzima ilikuwa inajua. Aliyekuwa hajui ni mmoja, na yeye ndiye aliyeweka sheria ya kutoambiwa.

Asubuhi iliyofuata Aliko hakumuaga mtu. Alimtandika Mutende, akamsemesha, akakaza mkanda wa tumbo taratibu kama Yonasi alivyomfundisha. Kisha akachukua panga nyuma ya mlango, akalichomeka kwenye tandiko. Hakuwa na mpango wa kumkata mtu, alijiambia. Alitaka tu amvamie Osward mle mle kwenye kiota chake kwa kwato nne, ajue siku hiyo nani anamtisha nani. Panga lilikuwa la akiba. Ndivyo alivyojiambia, na mtu akianza kujieleza peke yake njiani ujue mambo siyo mazuri.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya kijito. Farasi alishuka vizuri, kichwa chini, kamba imelegea. Kabla ya kona masikio yakasimama. Aliko aliyafuata kwa macho. Kulia, kwenye matete, na juu ya matete ncha ziliyumba bila upepo.

"Upo," alinong'ona. "Leo upo."

Akachomoa panga. Akamgeuza Mutende uso kwenye matete, akampiga kisigino ubavuni aingie.

Farasi hakuingia.

Wala hakuruka. Hilo ndilo lililomshangaza Aliko hata katikati ya hasira zake. Mwili wote ulikuwa ukitetemeka chini ya mapaja yake, lakini miguu minne ilikuwa imepandwa ardhini. Akampiga kisigino tena. Hakuna. "Ingia!" Akainua panga ili ampige nalo kwa ubapa kwenye matako. Na hapo akaona sikio la kushoto linageuka nyuma, kwake yeye, wakati la kulia limebaki kwenye matete. Mutende alikuwa anamsikiliza. Alikuwa anaogopa kupita kiasi na bado alikuwa amesimama kumsikiliza, kwa sababu kwa wiki tatu mtu huyu hakuwa amempiga.

Aliko alibaki na panga juu. Aliona aibu mbele ya farasi. Ni vigumu kueleza, lakini ndivyo ilivyokuwa: aliona aibu mbele ya farasi kabla hajaiona mbele ya mtu.

Uliza masikio, alisema Yonasi. Akalishusha panga kwenye paja. Akalegeza kamba, kidole kimoja kimoja, huku mifupa yote ikimwambia akaze. Akatoa pumzi. Chini yake farasi naye akatoa pumzi, ndefu, ya kutikisa mbavu. Mutende akainamisha shingo, akapiga hatua moja tu, kwa upole, akaingiza pua ndani ya matete na kunusa.

Mtoto akalia.

Kilio hicho Aliko alikijua. Kilikuwa kimelia mapajani mwake Jumapili iliyopita. Ndani ya matete, hatua moja kutoka kwato za mbele, aliona mgongo uliotandwa kitenge, umekunjamana mpaka chini, na kwenye mgongo huo kichwa kidogo chenye kofia ya sufu aliyoifuma Gwantwa. Pua ya farasi ilikuwa inaikaribia ile kofia. Kando yao ndoo ya maji ilikuwa imemwagika.

Angeingia. Mnyama mwingine, mpandaji yule yule, angeingia. Aliko aliona yote jinsi ambavyo yangekuwa, kwato, mgongo, kofia, akaanza kutetemeka kuliko farasi.

Alitaka kusema, akakumbuka kwamba haisemwi. Mkwe naye hakugeuka. Wakabaki hivyo, mmoja juu, mmoja chini, mila katikati, mtoto analia. Mwishowe mzee akafanya lililowezekana.

"Mutende," alisema, "mwambie huyo aliyeko hapo asogee pembeni kidogo, asije akaumia."

Kutoka chini ya kitenge ikaja sauti ya msichana, ambayo Aliko aliwahi kuisikia mara moja tu ikisema shikamoo:

"Mutende, mwambie babu yake Elizabeti kwamba hapa hakuna pembeni. Nikisikia kwato nakuwa nimekwisha vuka kijito kuchota upande huu. Nakimbilia hapa kwa sababu ni karibu."

"Muulize," Aliko alisema, "ni yeye siku zote tatu?"

"Mwambie ndiyo. Mwambie alipoanguka nilitaka kutoka nimwinue, nikaogopa atakasirika kwamba nimemwona."

Aliko alifumba macho. Alikumbuka tope, na jinsi alivyohangaika kuinuka peke yake huku akimlaani Yonasi, akimlaani Osward. Hatua mbili tu kutoka kwake kulikuwa na mikono miwili yenye nguvu, imejizuia kwa amri yake.

"Mwambie…" alianza, lakini hakujua amtume farasi nini.

Msichana akasema yeye. Sauti yake haikuwa ya adabu wala ya ujeuri, ilikuwa imechoka tu.

"Mutende, muulize swali moja. Nilisikia panga likichomolewa. Lile panga lilikuwa la nani?"

Farasi akapiga pua. Aliko aliangalia panga kwenye paja lake. Alikuwa na jibu tayari, alikuwa amelitengeneza njia nzima: la Osward, la mchawi, la akiba. Yote yangefaa kumwambia farasi. Lakini Yonasi alisema farasi hajui uongo, na Aliko hakutaka kumfundisha.

Akashuka. Ilimchukua muda, kwa ile nyonga, na Mutende hakusogea hata unyayo mpaka alipofika chini. Akalitupa panga kwenye matete. Akamzunguka farasi upande wa bega, akisema aliyoyazoea kusema ili mnyama ajue nani anakuja, akasimama mbele ya kitenge kile.

"Lilikuwa lako, mwanangu," alisema. "Sikujua kuwa ni wewe, lakini lilikuwa lako. Nisamehe. Inuka."

Tupokigwe hakuinuka mara moja. Alisubiri, kama mnyama aliyewahi kupigwa anavyosubiri, aone kama mkono ulionyooshwa mbele yake una kitu. Haukuwa na kitu. Basi akaushika, akasimama, na Aliko akamwona uso kwa mara ya pili tangu aolewe. Alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka. Alikuwa amelia.

Tupokigwe alikuwa ameibuka majanini ghafla mbele ya farasi, kitu ambacho farasi hawapendi hata kidogo, na Mutende akainua kichwa. Sikio moja likaja kwa Aliko. Kamba ilikuwa imelegea. Farasi akashusha kichwa chake, akalamba midomo.

"Shikamoo, baba," Tupokigwe alisema, kwa woga.

"Marahaba," Aliko alijibu. Akaokota ndoo, akamkabidhi kamba ya farasi, akachechemea kwenda kijitoni kuijaza upya.